Bandari iko jirani na Kariakoo, kwa nini shilingi yangu inafika mbali zaidi Nairobi?

#1 Mtoto wa Sanawari

Wakuu, habari za jioni.

Nimekaa Nairobi miaka minne kikazi, nimerudi nyumbani Arusha. Kuna jambo linanisumbua na sijapata mtu wa kunieleza nikaridhika.

Nikiwa Nairobi, nikitaka chombo cha nyumbani nilikuwa naingia Kamukunji. Naambiwa bei, naomba kupunguziwa, wananitolea hamsini au mia, nalipa kwa simu kwa namba ya tili, naondoka. Nusu saa inatosha. Mwezi uliopita nilishuka Dar kwa shughuli zangu nikaona nipitie Kariakoo ninunue vitu vya nyumba: mablanketi mawili, seti ya masufuria na viatu vya shule vya watoto. Nilizunguka saa tano. Blanketi, duka la kwanza, 85,000. Duka la tatu, blanketi lilelile, mfuko uleule wenye zipu na picha ya chui, 60,000. Natoka nje, dada mmoja ananifuata: "Kaka, 45,000, twende nikupeleke." Blanketi hilo ninalo nyumbani, nililinunua Nairobi KSh 1,800. Nimepiga kwa 20, inakuja TSh 36,000.

Kutoka Kariakoo hadi geti la bandari unaweza kwenda kwa miguu. Kamukunji iko zaidi ya kilomita 480 kutoka Mombasa. Mzigo wote umetoka China. Ingekuwa haki sisi wa Tanzania tununue kwa bei nafuu kuliko wao. Mbona kwangu imekuwa kinyume?

Kwenye chakula sibishani na mtu. Mchele, maharage, ndizi, parachichi, nyumbani ni nyumbani. Naongelea nguo, vyombo na vitu vya umeme.

#2 Kipanga wa Gerezani

Mleta uzi, pole kwa uchovu. Kosa lako ni kuichukua bei ya kwanza kama bei. Kariakoo bei ya kwanza ni salamu. Ungekaa, ukaulizia familia, ukataja 35,000, mngekutana 40,000 na mfuko wa kubebea juu. Halafu uliingia na begi mgongoni, unaangalia mabango juu. Wanakuona kabla hujawaona.

#3 Nyamakima254

Asante kwa kutusifu jirani, lakini ngoja niweke chumvi kidogo. Nairobi pia tuko na mabroka. Simama Luthuli Avenue dakika mbili ukitazama televisheni kwa dirisha, uone vile watakuzunguka. Mwaka juzi nilipelekwa ghorofa ya pili kuonyeshwa redio ya gari, nikaijaribu, ikalia vizuri, nikalipa. Nilifika nyumbani nikakuta iliyo kwa boksi si ile niliyojaribu. Nilirudi kesho yake, kibanda kimefungwa na jirani hajui mwenyewe.

Kamukunji umepata bei nzuri kwa sababu Kamukunji ni soko la jumla, na wenye maduka wamezoea watu wa mashambani wanaokuja saa kumi na moja asubuhi na orodha mkononi. Hao huwezi kuwaambia bei ya uongo, watavuka barabara.

#4 Winga Mstaafu

Nimefanya uwinga Kariakoo miaka sita, yaani kuwauzia wateja bidhaa za maduka ya watu, mtaa wa Kongo na Aggrey, nimeacha, sasa nina genge langu Mbagala. Nieleze kwa utaratibu maana watu wengi wanatutukana bila kujua kazi yenyewe.

Duka kubwa la Kariakoo halikutegemei wewe wa mablanketi mawili. Linamtegemea Mkongo, Mzambia, Mmalawi, mtu wa Comoro. Huyo anachukua mabelo 50, analipia, mzigo unapelekwa kwa wakala wa usafiri, kesho uko njiani. Mwenye duka akisimama kukuhudumia wewe pisi moja, anampoteza yule. Kwa hiyo pisi moja moja anatuachia sisi. Ananiambia, "Hili kwangu ni 34,000, ukiuza utakavyouza, changu nipe." Kilichozidi ni cha juu, ndiyo mshahara wangu. Siku mbaya unarudi nyumbani na nauli tu. Siku nzuri anakuja mteja mwenye begi mgongoni.

Ndiyo maana blanketi moja lina bei tatu. Bei ya duka ni moja, ila imepita mikono mitatu kabla haijafika kwako. Yule dada aliyekufuata alikuwa anatafuta kama 11,000 yake. Na alikuwa mkweli kuliko wenzake.

Tofauti na Nairobi ni kwamba kule vyumba vimekatwa vidogovidogo, kila mtu ana meza yake, anauza mwenyewe jumla na rejareja hapohapo. Huku fremu ni ghali na unalipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkupuo, ukiongeza na kilemba cha kumtoa aliyekuwepo. Kijana asiye na mtaji wa fremu anageuka winga.

#5 Nyamakima254

Winga Mstaafu, kilemba hata sisi tuko nacho, Eastleigh hapa Nairobi unaambiwa pesa ya kuingilia kabla hata ya kuonyeshwa chumba. Lakini hapo kwa kukata vyumba nakubali. Zile eksibisheni za katikati ya mji, duka moja la zamani la Mhindi limekuwa vibanda 40. Ukikataa kwa huyu unageuka tu mwili.

#6 Mhasibu wa Mianzini

Naheshimu maelezo ya post namba 4, lakini tusiisahau kodi. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya Tanzania Bara ni 18%, Kenya ni 16%. Kabla mtu hajasema ni asilimia 2 tu, angalia inavyokusanywa. Mashine za EFD za kutolea risiti zilianza kwetu mwaka 2010 na hadi leo ni ugomvi. Mei 2023 Kariakoo ilifungwa siku kadhaa, wafanyabiashara wakilalamikia kamatakamata ya mamlaka ya mapato, TRA, na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Mfanyabiashara anayehofia kukamatwa njiani na mzigo anaweka hofu hiyo ndani ya bei.

Pia risiti. Kariakoo utaulizwa, "Unataka ya risiti au bila?" Hizo ni bei mbili. Ukijumlisha na bei ya winga zinakuwa nne.

#7 Kipanga wa Gerezani

Mkuu, unasema kama vile Kenya hawalii na kodi. Wiki ileile ya Juni 2024 Kariakoo imefungwa, Nairobi vijana walikuwa barabarani kwa ajili ya muswada wa fedha. Ule ulioanza na VAT ya 16% kwenye mkate.

#8 Mhasibu wa Mianzini

Kweli. Na kipengele cha mkate kilitolewa kabla ya siku ile kubwa ya maandamano, tuweke sawa. Hoja yangu ni kwamba ushuru wa forodha wa mzigo wa China kwa nchi hizi mbili unatoka kwenye kitabu kimoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki: asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kuna daraja la 35. Kwenye karatasi blanketi linalipa sawa likishukia Dar au Mombasa. Lakini kila mwaka wa bajeti nchi moja moja inaomba ruhusa ya kutofuata kiwango kwa bidhaa fulani, na ada ndogondogo zinatofautiana. Kwa hiyo kitabu ni kimoja, kurasa zake hazifanani.

#9 Binti wa Kuze

Assalaam alaykum jamani. Mie niko Mombasa na nataka kuivunja hiyo hoja ya bandari mapema.

Bandari iko hapa kwetu, meli nazitazama nikivuka feri. Lakini wenye maduka ya nguo wengi ninaowajua hapa huenda kuchukua mzigo Eastleigh, wanaupakia basi la usiku, unarudi Mombasa. Yaani kontena limeshuka Kilindini, likapanda hadi Nairobi, likafunguliwa huko, kisha nguo zikateremka tena kwetu na nauli juu. Mwanangu akitaka viatu, namwambia shangazi yake wa Nairobi atume, vinanijia kwa bei nafuu kuliko mtaa wa pili na kwangu. Basi kaka wa Sanawari, si ukaribu wa bandari unaoshusha bei. Ni wingi wa wanunuzi pale kontena linapofunguliwa.

Na kwenye leso hamtuambii kitu. Leso za Mombasa, Biashara Street, za duka la Mali ya Abdulla, jina lake jamii nzima ya Waswahili inalijua. Ila nikitaka za kugawa kwa wingi kwenye harusi nawaagizia jamaa zangu Tanga wanipelekee khanga za Dar. Ni nyepesi zaidi lakini rangi zimechangamka na bei inaniruhusu kununua doti 20.

#10 Mtoto wa Sanawari

Dada wa Kuze, hiyo sikuifikiria kabisa. Nimenyamaza kidogo.

Lakini Winga Mstaafu amesema Kariakoo inalisha Kongo, Zambia na Malawi. Hapo wanunuzi ni wengi kuliko Eastleigh, sivyo? Basi bei ingeshuka zaidi.

#11 Winga Mstaafu

Imeshuka, ila kwa mwenye kununua belo. Chukua mablanketi 30 uone utakavyoitwa bosi na kuletewa kiti na soda. Kariakoo ni nafuu sana, ila hukuingia kwa mlango wenyewe.

#12 Dada wa Tarakea

Mimi nitarudi kwenye chakula japo mleta uzi amekifunga haraka, maana huko ndiko mnakodanganyana zaidi.

Nakaa mpakani, nauza maharage na vitunguu upande wa Loitokitok siku za gulio. Wakenya wakija kwetu wanasema "kwenu rahisi", Watanzania wakienda kwao wanasema "kwao ghali", na wote hawaangalii kopo. Kenya wanapima kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2. Sisi tunapima kwa sado, kindoo cha rangi cha lita 4. Nimeviweka vyote kwenye mizani yangu kwa maharage ya njano makavu: gorogoro lilinipa kilo 2 na robo hivi, sado likanipa kilo 3 na zaidi kidogo, bila kilele. Mtu anasikia gorogoro KSh 300, sado TSh 9,000, anasema Kenya ni 6,000, Tanzania 9,000, Kenya nafuu. Gawanya kwa kilo uone kama ni nafuu hivyo.

Na sado zenyewe hazilingani. Kuna zilizogongwa kitako zikaingia ndani. Ukiweka mkono chini unakutana na mlima.

#13 Nyamakima254

Hiyo ya kugonga kitako imenifurahisha kwa sababu hata gorogoro za Nyamakima zina ujanja huo huo. Nikinunua ndengu kwanza napindua mkebe.

#14 Mhasibu wa Mianzini

Dada wa Tarakea, maelezo mazuri. Nimepiga hesabu: 6,000 kwa kilo 2.25 ni kama 2,670 kwa kilo. 9,000 kwa kilo 3.1 ni kama 2,900. Kwa mfano wako Kenya imebaki nafuu, ila tofauti imekuwa ndogo mno.

#15 Dada wa Tarakea

Zile zilikuwa bei za mwezi Mei, kabla ya mavuno yetu. Njoo Agosti uone. Bei ya chakula bila mwezi haina maana. Kuna wakati maharage yanapanda kutoka kwetu kwenda kwao, kuna wakati unga wa pakiti unashuka kutoka kwao kuja kwetu.

#16 Fundi Waya

Ngoja nami niingie, kwa sababu tangu mwanzo mnaongea bei na hakuna aliyetaja muda ambao kitu kinaishi.

Mimi ni fundi umeme, nimefanya kazi Moshi na nimefanya kazi Thika. Watu wananiletea ekstensheni na waya wa kila nchi. Kuna waya unaokwaruza kwa kisu, rangi ya shaba inatoka, ndani ni alumini. Unauzwa Dar, unauzwa Nairobi, bei nafuu kuliko zote. Ukiunganisha pasi na hita, unapata moto. Sijaona nchi iliyopona.

Tofauti niliyoiona ni hii: Kenya mteja anauliza alama ya KEBS, shirika lao la viwango, na ile namba ya kibali iliyo chini ya alama anaweza kuituma kwa ujumbe kwenda 20023 akajua kama ni ya kweli. Nimeona mama wa kawaida kabisa akifanya hivyo akiwa amesimama dukani. Kwetu alama ya TBS ipo lakini mteja akiuliza anaonekana msumbufu. Mteja asiyeuliza analetewa chochote.

Mfano wa masufuria. Mleta uzi alitaja seti. Kamukunji wanafua wenyewe masufuria ya alumini, nyundo unazisikia mtaa mzima. Hayo ni mazito, yanakaa miaka. Yale ya seti yenye mfuniko wa kioo ni ya China, mepesi, mkono unakatika. Mtu akisema "seti ya masufuria Nairobi ni rahisi" nauliza kwanza ni seti ipi. Gawa bei kwa miaka, usigawe kwa shilingi peke yake.

#17 Mtoto wa Sanawari

Fundi, ni yale ya China. Mkono mmoja umeshalegea, nimeufunga kwa waya. Umenigusa.

#18 Kipanga wa Gerezani

Ahsante Fundi Waya. Basi sasa tusiache mitumba, maana huko ndiko Wakenya wanakojivunia. Gikomba ya Nairobi dhidi ya Karume ya Dar, nani zaidi?

#19 Nyamakima254

Gikomba, na siongezi neno. Jinzi nzuri 300. Ukifika alfajiri siku wanafungua belo unapata kamera, yaani zile za kwanza kabisa, hazijashikwa.

#20 Shangazi wa Mbauda

Nyamakima, ungeongeza neno. Mimi nauza mitumba Arusha miaka 14, nimenunua mabelo Dar na nimenunua Nairobi. Jinzi ya 300 ya Gikomba ni ya chini, ya mwishomwisho. Hiyo kamera unayoitaja watakuuzia 800 hadi 1,200, na wanaiuza kwa wenye maduka ya mjini wanaoipiga pasi na kuiita mpya. Kwetu nzuri unaipata 15,000 mpaka 20,000. Ukibadilisha fedha, zinakaribiana kabisa.

Kinachotofautisha ni wanachochagua. Wenzetu wa Nairobi kuna baridi, wanagombea majaketi na masweta. Mabelo ya majaketi kule ni moto, bei iko juu. Dar nani atavaa jaketi? Kwa hiyo mtu wa Arusha mwenye akili ananunua jaketi Dar na gauni jepesi Nairobi. Mimi watoto wangu nimewasomesha kwa hesabu hiyo.

#21 Kipanga wa Gerezani

Shangazi, heshima yako. Ile ya jaketi naichukua. Ila nakumbuka serikali zetu zilitaka kupiga marufuku mitumba mwaka 2018, ikawaje?

#22 Mhasibu wa Mianzini

Si 2018. Marais wa Jumuiya walikubaliana 2016 kuipunguza hadi iishe. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ikaanza kuangalia upya nani abaki kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema kwenye makubaliano ya kupandisha ushuru wa mitumba, sisi na Uganda tukalegeza baadaye. Rwanda ikashikilia, na 2018 ndipo nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa Marekani. Huo 2018 unaoukumbuka ni wa Rwanda.

#23 Kipanga wa Gerezani

Nimesahihishwa. Asante mkuu.

#24 Mlimani Kwetu

Nimesoma yote. Mimi naona sababu kuu hamjaitaja: supamaketi. Kenya watu wamezoea bei iliyoandikwa tangu zamani kwa sababu Uchumi, Nakumatt na Tuskys zilifika hadi miji midogo. Mtoto anakua akijua kitu kina bei, kimebandikwa. Huku sisi tumekua na duka la Mangi: mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni kipande, na daftari la madeni. Bei unaambiwa, na inategemea unavyoishi naye. Ndiyo maana ukienda Kariakoo bei ni mazungumzo.

#25 Nyamakima254

Hizo tatu ulizozitaja zimeanguka zote, boss. Sasa hivi ni Naivas, Quickmart, Carrefour.

#26 Mlimani Kwetu

Najua zimeanguka. Na kwetu pia walijaribu. Nakumatt ilichukua maduka ya Shoprite hapa 2014, Uchumi ikafunga 2015. Nasema mazoea waliyoyaacha hayakuanguka nayo.

#27 Binti wa Kuze

Mlimani, daftari la madeni hata Mombasa lipo, na hilo mimi nalihesabu kwenye thamani ya pesa. Mwezi wa tatu mume wangu alilazwa siku 11. Mwenye duka la chini aliniandikia unga, maziwa, nepi za mtoto, hakuniuliza neno. Kila kitu kwake ni cha shilingi tano au kumi zaidi ya supamaketi. Mwanzo nilikuwa namwona mwizi. Sasa hiyo kumi nailipa na moyo mweupe. Bei ya supamaketi imeandikwa, lakini supamaketi haiwezi kukukopesha.

#28 Shangazi wa Mbauda

Pole sana mwanangu, na baba watoto Mungu amjalie afya. Umesema kitu kikubwa.

#29 Mwendo wa Namanga

Wakuu, naingia kwa vitendo. Kama bei ni nzuri Nairobi, kwa nini tusijikusanye watu kumi Arusha, twende tubebe? Ni kilomita kama 270 tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina ushuru kati yetu.

#30 Shangazi wa Mbauda

Mwendo, simama hapohapo. Huo uongo umewaliza wengi. Msamaha ni wa kitu kilichozalishwa ndani ya Jumuiya. Mzigo wako ukiwa chini ya dola 2,000 na bidhaa iko kwenye orodha, unapewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani, huhangaiki na wakala. Mahindi, maharage, masufuria ya Kamukunji yaliyofuliwa pale, hayo sawa. Blanketi la China halijazaliwa Kenya hata likikaa Eastleigh miaka kumi. Likivuka linahesabiwa kama limetoka China.

Mimi nilisimamishwa Namanga na jozi 12 za viatu. Nilidhani ni za Kenya kwa sababu nimenunua Kenya. Nilitozwa, na ile faida yote ikabaki pale kwenye meza.

#31 Mwendo wa Namanga

Asante Shangazi, umeniokoa. Safari imeahirishwa.

#32 Mhasibu wa Mianzini

Mleta uzi, swali dogo nililotaka kukuuliza tangu jana. Lile blanketi la KSh 1,800 ulilinunua lini?

#33 Mtoto wa Sanawari

Januari 2024, kulikuwa na baridi ya ajabu asubuhi nikashindwa kuvumilia.

#34 Mhasibu wa Mianzini

Nilihisi. Januari 2024 dola moja ilifika KSh 160 hivi, sisi tulikuwa kwenye 2,500. Shilingi ya Kenya ilikuwa kama 16 za kwetu, si 20. Kwa hiyo ulilipa kama TSh 28,800. Baadaye shilingi yao ikapanda, dola ikashuka hadi KSh 130 hivi. Blanketi hilohilo kwa KSh 1,800 lingekupa gharama nyingine kabisa, bila duka kubadilisha bei.

Na muhimu zaidi: ulikuwa unalipwa kwa shilingi ya Kenya. Swali lako lisiwe blanketi ni shilingi ngapi. Uliza, lilikuchukua saa ngapi za kazi kule, na lingekuchukua ngapi huku?

#35 Mtoto wa Sanawari

Kule, kama saa sita za kazi. Huku kwa mshahara wangu wa sasa, kwa ile 45,000 ya yule dada, ni siku moja na nusu. Nimeandika nikafuta mara mbili.

#36 Nyamakima254

Pole ndugu. Lakini kumbuka kodi ya nyumba uliyolipa Nairobi. Mtaa wa Umoja chumba kimoja na sebule ni pesa ngapi? Na maji ya mtungi kila wiki?

#37 Mtoto wa Sanawari

Hapo umesema kweli. Nilikuwa nalipa KSh 14,000. Huku Sanawari nina vyumba viwili na uwanja wa watoto kwa 150,000, yaani karibu nusu.

#38 Fundi Waya

Basi blanketi limelipiwa na kodi ya nyumba.

#39 Nyamakima254

Niongeze moja kabla sijalala. Mnakumbuka mwanzo wa 2023 lile duka la China Square pale Unicity, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta? Walifungua, watu wakapiga foleni, bei zilikuwa chini hadi wafanyabiashara wa mjini wakalalamika. Likafungwa kwa muda kisha likafunguliwa tena. Mimi siku ile nilijua kumbe hata bei ya kwetu tuliyokuwa tunaisifu ilikuwa na cha juu. Uliyezoea kumwona rahisi ni rahisi mpaka aje mwingine.

#40 Winga Mstaafu

Na kwetu Julai 2025 serikali ikatoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara za rejareja na nyingine ndogondogo, baada ya malalamiko ya Kariakoo. Mimi nilifurahi kama muuzaji, mke wangu akanuna kama mnunuzi. Tulibishana mpaka chakula kikapoa, na bado hatujakubaliana.

#41 Mlimani Kwetu

Mkeo ana hoja. Ila mkubwa, tuambie ukweli: mtu kama mleta uzi, pisi mbili tu, hana muda, afanyeje Kariakoo apate bei ya mwenyeji?

#42 Winga Mstaafu

Aende saa mbili asubuhi, maduka yanapofunguliwa. Asiende Jumamosi. Aingie dukani mwenyewe, asipokee mtu nje. Aseme, "Bosi, mimi ndiye mteja wako wa kwanza." Kuna wauzaji wengi hawapendi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu, wanaona siku nzima itakuwa nzito. Atapunguziwa hata kwa pisi moja.

#43 Binti wa Kuze

Hata Biashara Street ni hivyohivyo. Pesa ya kwanza ya siku mwenye duka huigusisha kwenye leso zilizopangwa.

#44 Mtoto wa Sanawari

Nashuka Dar tena tarehe 12. Bado nahitaji blanketi la pili. Saa mbili kamili nitakuwa mtaa wa Kongo. Nikitaja bei gani nisimkosee adabu?

#45 Winga Mstaafu

Anza na 32. Ila sikiliza, hili ndilo la kuzingatia: ukishataja bei na yeye akasema "chukua", uchukue. Usianze kusema unazunguka kwanza. Mteja wa kwanza akitaja bei, akakubaliwa, kisha akaondoka, hata mimi nilikuwa naacha kazi kwa dakika tano kabla ya kuanza upya.